Milivolti Arobaini

Walisema Nabhan kapika namba.
Betri ya kituo cha pampu, kule nyuma ya Adam:
yeye kaandika kumi na mbili nukta sita nne;
wakaguzi, wiki ile ile, alfajiri,
wakakuta kumi na mbili nukta sita kavu.
Milivolti arobaini.
Chembe ya chumvi kwenye sufuria ya pilau,
lakini mkataba hauli pilau.

Mimi nikasema: zilipikwa, sawa,
ila mpishi ni jua.
Saa nane mchana, mwezi wa saba, jangwani,
hata kivuli cha mtu hujikunja chini ya kiatu;
mita itabaki na akili zake?
Injinia Varkey akavua miwani, akaifuta.
"Basi thibitisha, Rayya. Una siku moja."

Karakana yetu iko Ghala, ghorofa ya chini.
Mezani kuna kisanduku kisichojua kusema
ila volti kumi. Kinalala kwenye nyuzi ishirini na tatu;
kiyoyozi chake hakizimwi hata sikukuu.
Nikachukua mita ya njano, ya kampuni, aliyokabidhiwa Nabhan,
nikaifunga waya mpya.
Mezani: kumi, nukta, sifuri sifuri sifuri.
Nikailaza ndani ya friji, kati ya mtindi
na kopo la achari la Varkey,
waya nikaupenyeza kwenye mpira wa mlango.
Saa nzima. Nikachungulia:
tisa nukta tisa tisa saba.
Imetetemeka kidogo, basi.

Kisha pikapu, imeegeshwa juani, vioo juu.
Kwenye dashibodi, nyuzi sitini na moja.
Usukani haushikiki. Skrini inaanza kuwiva pembeni, weusi weusi.
Kumi nukta sifuri sifuri saba.

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya petroli:
saba kwa volti kumi, ni tisa kwa betri ya Adam.
Tisa.
Zimebaki thelathini na moja,
zinanitazama kama wageni wasioaga.

Nabhan alikuwa ameniletea na yake, ya kijivu,
ya riali tatu, sokoni Ruwi.
"Jaribu na hii, upate kucheka."
Nikacheka. Frijini: kumi nukta sifuri tatu.
Mezani: kumi nukta sifuri tatu.
Kwenye pikapu ikazimia, skrini nyeusi tii;
nikairudisha ndani, ikavuta pumzi, ikafumbua jicho:
kumi nukta sifuri tatu.
Haijali kipupwe wala kiangazi.
Mwongo asiyebadili neno.

Hapo kicheko kikanikwama.
Nikarudi kwenye risiti. Betri ya wakaguzi,
iongezee uongo ule ule mdogo, wa kudumu:
kumi na mbili nukta sita nne.
Arobaini zote, bila chenji.

Fomu ya Adam naijua. Mstari wa nne, Kifaa Kilichotumika:
mwandiko wake wa kulala, namba ya mita ya njano.

Nikampigia. Yuko barabarani, nasikia malori.
"Waya wa ile njano umekatika tangu Shaabani.
Nimeomba mwingine mara tatu. Kilomita mia mbili na ushei,
Rayya, nirudi na fomu tupu?"
Akanyamaza. Kisha, polepole:
"Jua halitoshi?"
"Jua lina tisa tu, Nabhan."

Sasa ni magharibi. Mita ya njano imepoa,
imerudi kumi kamili, haikumbuki kitu.
Nimelichongea jua mbele ya watu, na kesho litachomoza vile vile.
Kwenye faili la vifaa nimeyakuta maombi matatu,
kila moja lina saini ya Varkey na neno moja: Subiri.

Nimeyabana kwa pini, ukurasa wa kwanza,
kabla ya jedwali, kabla ya nyuzi joto.
Halafu mstari wa nne. Nimeandika: ya kijivu.